Mate, Meno na Selimundu: Kwa Nini Uchunguzi wa Kinywa Uingie Katika Kliniki za Temeke na Kinondoni

Mtoto mwenye selimundu akifika kliniki hupimwa uzito na joto, hupapaswa tumbo ili ijulikane kama bandama imevimba, huangaliwa macho kama yana unjano, kisha hutolewa damu ili kiwango cha hemoglobini kisomwe. Mdomo wake hufunguliwa kwa muda mfupi tu, na anayeufungua hutafuta weupe wa ulimi au uvimbe wa tonsili. Meno, fizi na mate kwa kawaida huachiwa daktari wa meno, aliye katika jengo jingine, siku nyingine, kwa foleni nyingine. Mzazi aliyetoka Chamazi au Bunju alfajiri na kubadili daladala njiani hana nguvu ya foleni ya pili, labda mtoto awe amelia jino usiku kucha.

Makala hii inadai kwamba utaratibu huo una kasoro na kwamba kasoro hiyo inawaumiza wagonjwa. Dai lenyewe ni hili: kukauka kwa kinywa na kuoza kwa meno kwa watu wenye selimundu katika Dar es Salaam kunatokana zaidi na namna wanavyolazimika kuishi na ugonjwa (maji wanayopoteza, dawa wanazomeza, vinywaji wanavyopewa, namna wanavyopumua usingizini) kuliko jeni ya ugonjwa yenyewe. Kama ndivyo, basi mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kuzuia madhara hayo ni muuguzi na daktari wa kliniki ya selimundu, anayemwona mgonjwa kila baada ya miezi michache. Daktari wa meno humpokea jino likiwa limeshaharibika.

Ukubwa wa jambo unajulikana. Tanzania imo katika kundi dogo la nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Kwa Dar es Salaam tunacho kitu bora kuliko makadirio. Kati ya Januari 2015 na Novemba 2016, watoto wachanga 3,981 walipimwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Watoto 31 walikutwa na ugonjwa, na 505, yaani karibu mmoja katika kila wanane, walikuwa wamebeba jeni moja bila kuugua.

Si vigumu kuelewa kwa nini meno yaliwekwa kando. Katika kundi la wagonjwa 1,725 lililofuatiliwa Muhimbili kuanzia mwaka 2004 hadi 2009, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, vifo vilikuwa 1.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, na kwa walio chini ya miaka mitano vilifika 7.3. Mahali ambapo watoto wanakufa kwa kiwango hicho, anayeuliza habari za meno huonekana kama mtu asiyejua kipi kitangulie. Lakini hali inabadilika. Penisilini ya kinga, chanjo ya nimonia na hidroksiyurea zinawafikisha watoto wengi zaidi kwenye ujana na utu uzima. Wanafika huko na meno yao ya kudumu, na meno hayo ndiyo ya kula nayo maisha yote.

Tuanze na kazi ya mate. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, kutoka jozi tatu za tezi kubwa na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Asilimia 99 ya mate ni maji. Kazi nzito hufanywa na ile asilimia moja iliyobaki. Ndani yake mna baikaboneti inayopunguza makali ya asidi, mna kalsiamu na fosfeti zinazorudishwa kwenye gamba la jino pale linapoanza kulika, mna kingamwili na vimeng'enya vinavyozuia bakteria kuzaana hovyo. Kila mtu anapokula kitu chenye sukari, bakteria wa utando unaoganda kwenye meno hugeuza sukari hiyo kuwa asidi ndani ya dakika chache. pH ya kwenye jino ikishuka chini ya takribani 5.5, madini ya gamba huanza kuyeyuka. Mate ndiyo yanayoirudisha juu, na kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima. Kwa hiyo mwenye mate machache huishi muda mrefu zaidi wa kila siku ndani ya asidi, hata akila chakula kilekile anachokula ndugu yake.

Je, selimundu yenyewe hukausha mate? Kwa nadharia inawezekana: tezi za mate hulishwa na mishipa midogo sana, na chembe nyekundu za damu zilizojikunja zinaweza kuiziba kama zinavyoziba ile ya mifupa na bandama. Kwa vipimo, majibu hayaafikiani. Tafiti zilizopima mate ya wagonjwa hawa ni chache na nyingi zilihusisha watu wachache. Baadhi zilikuta mate yamepungua au yana asidi zaidi, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Kwa talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi unaojulikana zaidi Oman na nchi za Ghuba kuliko kwetu, maelezo yako wazi kidogo: damu ya kuongezewa mara kwa mara huingiza mwilini madini ya chuma ambayo mwili hauna njia ya kuyatoa, nayo hutua kwenye ini, kwenye moyo na pia ndani ya tezi za mate. Dar es Salaam, ambako damu ya kuongezewa ni adimu na wagonjwa wengi wa selimundu hupewa pale tu hali inapokuwa mbaya, njia hiyo haiwezi kuwa sababu kuu.

Wapo wanaotafsiri mgongano huu wa tafiti kuwa ni kukosekana kwa tatizo. Mimi nauelewa tofauti. Kama ukavu ungetoka kwenye jeni, tungeuona kwa wagonjwa wote wa aina moja, popote waliko. Tunachokiona ni hali inayobadilika kutoka kundi hadi kundi, na hivyo ndivyo inavyotarajiwa pale chanzo kinapokuwa kwenye mazingira na matibabu. Kundi lenye maji ya kutosha, dawa chache za maumivu na meno yanayopakwa floraidi halitaonyesha tofauti na watu wengine. Kundi la Mbagala au Tandale linaweza kuonyesha.

Chukua figo. Figo za mgonjwa wa selimundu hupoteza mapema, mara nyingi tangu utotoni, uwezo wa kukoleza mkojo. Mwenzake akiishiwa maji mwilini hukojoa kidogo na mkojo wa rangi nzito; yeye huendelea kukojoa mkojo mwingi na mwepesi hata akiwa na kiu. Anapoteza maji kwa njia hiyo, na kwa jasho la Dar es Salaam, mji ambao kuanzia Desemba hadi Machi hushinda kwenye nyuzi joto 31 au 32 na unyevu mzito hewani. Mwili ukipungukiwa maji, mate ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupungua. Ndiyo sababu ushauri wa kunywa maji mengi, unaorudiwa kila kliniki kwa ajili ya kuzuia maumivu ya mifupa, ni ushauri wa meno pia, ingawa hakuna anayeusema hivyo.

Figo hizo ndizo zinazofanya watoto wengi wenye selimundu wakojoe kitandani kwa miaka mingi kuliko wenzao. Hapa linaingia jambo ambalo kila aliyekaa na wazazi hawa amelisikia: mama anamnyima mtoto maji kuanzia magharibi ili godoro lisilowe. Ana sababu. Godoro ni moja, watoto wanalala watatu, jua la kulianika huenda lisiwepo kesho. Lakini mtoto huyo anaingia usiku akiwa tayari na upungufu wa maji, na usiku ndio wakati ambao hata kwa mtu mzima wa afya mate hupungua hadi karibu kuisha.

Usiku unahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu mambo manne hukutana hapo. La kwanza ni hilo la mate kupungua kwa asili ya mwili. La pili ni maji yanayotoka kwa mkojo. La tatu ni kupumua kwa mdomo. Kwa kuwa chembe nyekundu za mgonjwa huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, uboho hulazimika kutengeneza damu kwa kasi kubwa, na mifupa yenye uboho hutanuka. Taya la juu husogea mbele, meno ya mbele hutokeza, midomo hushindwa kufunga vizuri. Tonsili na nyama za nyuma ya pua nazo huwa kubwa kwa wengi wao. Mtoto analala mdomo wazi, anakoroma, na hewa inapita juu ya meno ya mbele usiku kucha na kuyakausha. La nne ni kile kilichoingia mdomoni mwisho kabla ya kulala, na mara nyingi ni dawa ya maji yenye sukari, ikifuatiwa na biskuti au kikombe cha chai ya kuondoa uchungu wa vidonge. Hakuna mate ya kuisafisha. Asidi inakaa hadi alfajiri.

Mzazi akielezwa mambo hayo manne kwa pamoja, anajua la kufanya bila kuandikiwa dawa hata moja: dawa zitangulie, mswaki wenye dawa ya floraidi ufuate, na baada ya mswaki yaingie maji matupu tu. Maji yenyewe asinyimwe. Aamshwe usiku akojoe. Lakini nani anamweleza? Daktari wa meno hajui habari za figo za mtoto huyu, na daktari wa selimundu hajaona meno yake.

Ushauri wa kunywa maji una mtego mwingine, nao ni wa mfukoni. Sehemu nyingi za Temeke hutegemea visima virefu, na maji ya visima hivyo mara nyingi yana chumvi. Yanafulia, yanaoshea vyombo. Ya kunywa hununuliwa, au huchemshwa kwa mkaa ambao nao hununuliwa. Mgonjwa anayeambiwa anywe lita tatu kwa siku anaambiwa jambo lenye bei. Karibu yake, kwa bei isiyotofautiana sana na chupa ya maji, kuna soda baridi, juisi ya ukwaju, juisi ya embe ya paketi. Soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Mwanafunzi wa sekondari aliyeambiwa anywe vitu vya majimaji akatii kwa soda mbili kwa siku amefuata masharti ya kliniki yake, na meno yake yataonyesha.

Halafu kuna rozela. Juisi yake nyekundu iliyokolea huuzwa mitaani na kutengenezwa nyumbani, na watu wengi sana huamini kwamba huongeza damu. Kwa familia yenye mgonjwa wa selimundu, ambaye hemoglobini yake haipandi hata ale nini, imani hiyo ina nguvu ya pekee: mtoto hupewa kikombe asubuhi na kingine jioni. Nia ni njema na mmea wenyewe hauna ubaya. Ila pH ya juisi hiyo iko kwenye 3 au chini yake, na kwa kuwa ni chachu mno huongezwa sukari nyingi. Jino linapigwa na asidi iliyomo kwenye kinywaji na asidi inayotokana na sukari kwa wakati mmoja. Na upungufu wa damu wa selimundu unatokana na chembe kufa kabla ya wakati. Kuongeza mboga au juisi nyekundu hakurefushi maisha ya chembe hizo. Sioni haja ya kupiga marufuku. Inatosha kusema inywewe pamoja na chakula, isinywewe kidogokidogo mchana kutwa, na baada yake mdomo usukutuliwe kwa maji.

Dawa nazo zina sehemu yake. Mofini na tramadoli hukausha mdomo. Amitriptilini, inayotumika kwa maumivu sugu, hukausha zaidi. Dawa za mzio na mafua zinazonunuliwa dukani bila cheti, ambazo kijana hupewa kila akikohoa, hufanya vivyo hivyo. Hidroksiyurea, dawa ambayo manufaa yake kwa watoto wa Afrika yalithibitishwa na jaribio lililofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019, inaweza kwa baadhi ya wagonjwa kuleta vidonda vya mdomo. Hakuna sababu ya kuziacha dawa hizi. Maumivu ya selimundu si ya kuvumiliwa kwa ajili ya meno. Kinachotakiwa ni kwamba anayeziandika aulize swali moja: mdomo unakauka?

Ziko nyakati mbili katika maisha ya mtoto mwenye selimundu ambazo zinastahili uangalizi wa pekee, na zote mbili zimeangukia kwenye kalenda ya meno.

Wa kwanza ni mwezi wa sita. Mtoto huzaliwa na hemoglobini ya kichanga inayomkinga; inapopungua, katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, homa na uvimbe wa vidole huanza. Miezi hiyo hiyo meno ya kwanza huchomoza na udenda humwagika. Bibi anaona udenda, anashika paji la uso lenye moto, anasema: "Meno hayo yanamsumbua." Homa ya mtoto mwenye selimundu ni dharura. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa 2009 ulikuta watoto wenye ugonjwa huu wana uwezekano wa takribani mara 26 zaidi ya wenzao wa kupata bakteria kwenye damu. Kuisubiri ipoe kwa kuwa anaota meno ni kupoteza saa ambazo hazirudi.

Na kuna jambo baya zaidi ya kusubiri. Katika maeneo mengi ya Tanzania, Dar es Salaam ikiwemo, kumekuwa na imani ya meno ya plastiki: fizi ya mtoto mwenye homa au kuharisha ikionekana imevimba na kuwa nyeupe pale chonge linapokuja, husemwa kwamba kuna jino bovu ndani linalomuua. Hupelekwa kwa mtu anayelichokoa kwa chombo chenye ncha, bila ganzi wala usafi. E. N. Kikwilu na J. F. R. Hiza waliiandika desturi hii kitaalamu katika miaka ya 1990. Kinachochokolewa ni chonge la utoto ambalo bado halijakomaa, na wakati mwingine la kudumu lililo chini yake huharibika pia. Sasa fikiria anayefanyiwa hivyo ni mtoto mwenye selimundu ambaye hakupimwa alipozaliwa, na ambaye bandama yake imeanza kushindwa kuchuja bakteria. Dalili zilizompeleka kwa mchokoaji zilikuwa za selimundu. Jeraha analorudi nalo ni mlango wa maradhi yanayoweza kumuua. Hoja ya kupima watoto wote wanapozaliwa hutetewa kwa penisilini na chanjo. Naongeza sababu hii: mama anayejua hali ya mtoto wake tangu wiki za kwanza hatadanganyika kwa udenda.

Wakati wa pili ni mwaka wa tano. Penisilini ya kinga, ambayo jaribio la Marekani lililochapishwa 1986 lilionyesha kuwa inapunguza maambukizi makali kwa asilimia 84, kwa kawaida hutolewa hadi mtoto atimize miaka mitano. Utafiti mdogo uliochapishwa huko huko Marekani mwaka 2005 ulieleza jambo la kuvutia: watoto waliokuwa wakimeza penisilini kila siku walikuwa na bakteria wachache wa kuozesha meno na meno mabovu machache, lakini kinga hiyo ilidumu kwa muda wa dawa tu. Sasa tazama tarehe. Dawa husimamishwa mwaka wa tano. Magego ya kwanza ya kudumu huchomoza mwaka wa sita, tena nyuma kabisa ya meno ya utoto, mahali ambapo mzazi haoni na mswaki haufiki. Gamba la magego hayo lilitengenezwa kati ya kuzaliwa na miaka mitatu, yaani katika miaka ambayo mtoto aliugua zaidi, hivyo kwa wengi huwa dhaifu tangu mwanzo. Jino dhaifu linatokeza katika kinywa ambacho kimetoka tu kupoteza ulinzi wake. Hili huenda ndilo linaloeleza kwa nini takwimu za kuoza kwa meno ya wagonjwa hawa zinatofautiana sana: zinategemea wamepimwa wakiwa na umri gani.

Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu katika kliniki zetu, ningechagua hilo. Siku penisilini inaposimamishwa, mtoto aandikiwe rufaa ya meno, apakwe floraidi, na magego yakishachomoza vijishimo vyake vizibwe.

Gharama ya kutofanya hivyo haibaki mdomoni. Maambukizi ya jino huleta homa, homa hupunguza maji, na upungufu wa maji pamoja na maambukizi ni vichocheo vinavyojulikana vya maumivu makali ya selimundu. Utafiti wa Brian Laurence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba miongoni mwa watu wazima waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya selimundu, wenye maambukizi ya meno walikuwa na uwezekano wa asilimia 72 zaidi wa kulazwa. Kitanda wodini Temeke au Mwananyamala ni ghali kuliko kopo la floraidi.

Kuna na tatizo la kinyume chake, ambalo daktari wa meno anapaswa kulijua. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuumwa jino lisilo na tundu lolote. Mshipa mdogo unaoingia kwenye mzizi ukizibwa, kiini cha jino hufa likiwa zima kwa nje. Taya la chini nalo huweza kukosa damu na kuuma kama jino. Wapo wanaokufa ganzi kidevu na mdomo wa chini kwa sababu hiyo. Katika vituo vyetu, ambako matibabu yanayotolewa zaidi ni kung'oa, mgonjwa kama huyo anaweza kupoteza jino zima na kurudi nyumbani na maumivu yaleyale. Daktari aliyejulishwa hali yake atapiga picha kwanza, atasubiri, atapima. Na pale inapobidi kung'oa, hakuna sababu ya kumkatalia: kwa ganzi ya kawaida, maji ya kutosha, antibayotiki na kutomweka kwenye baridi, kazi hiyo hufanyika kwa usalama.

Hemofilia naigusa kwa kifupi, kwa kuwa nayo ni ya kurithi na inahusiana na mate kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mate yana uwezo wa kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa mtu wa kawaida ni faida. Kwa mwenye hemofilia aliyeng'olewa jino, damu iliyoanza kuganda huyeyushwa tena, na jeraha hutoka damu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana hupewa dawa ya kusukutua ya asidi ya traneksamiki. Kijana wa kiume ambaye damu haikatiki baada ya kung'olewa jino apimwe ugonjwa huo. Wengine hugunduliwa kwa njia hiyo hiyo.

Kipimo cha mate hakihitaji mashine. Mgonjwa asile wala kunywa kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Akae wima, ainamishe kichwa kidogo, ameze yaliyomo, kisha kwa dakika tano aache mate yadondoke yenyewe kwenye kikombe kilichopimwa uzito. Mate hufanya povu, kwa hiyo ni bora kuyapima kwa mizani kuliko kwa mistari ya kikombe. Gramu moja ni sawa na mililita moja. Gawanya kwa tano. Kwa mtu mzima kiasi cha mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika ni cha kawaida. Chini ya 0.1 ni ukavu unaohitaji hatua. Kwa mtoto asiyeweza kutulia, kioo cha daktari kikipitishwa taratibu kwenye shavu la ndani huteleza; kikinasa, kinywa ni kikavu. Hiyo ni kazi ya nusu dakika, na muuguzi yeyote anaweza kufundishwa asubuhi moja.

Nitaambiwa ushahidi hautoshi. Ni kweli kwamba mapitio ya Cochrane ya 2016 kuhusu matibabu ya meno kwa wagonjwa wa selimundu hayakupata hata jaribio moja linalokidhi vigezo. Lakini kukosekana kwa jaribio kuhusu tiba ipi bora hakumzuii mtu kuangalia kama jino limeoza, na pengo hilo lina mahali panapofaa pa kuzibwa: Upanga, ambako chuo kikuu cha MUHAS kina shule ya udaktari wa meno na kundi la wagonjwa wa selimundu lililofuatiliwa tangu 2004 ndani ya eneo moja. Nitaambiwa pia madaktari wa meno ni wachache. Hicho ndicho kinachonifanya niseme kazi ya kwanza ifanywe na kliniki ya selimundu, ili wachache hao wapelekewe wanaowahitaji kweli. Na kwa kuwa tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekuwa ikipandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, haja imeongezeka: kabla ya upandikizaji, kila chanzo cha maambukizi mdomoni lazima kiondolewe, kwa kuwa dawa zinazoua uboho wa zamani huacha kinywa na vidonda na mwili bila kinga.

Waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa za Temeke, Mwananyamala na Amana hawana haja ya kusubiri mwongozo wa Wizara ya Afya ili kuanza. Ongezeni mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki ya selimundu, chini ya bandama na juu ya hemoglobini, wenye maswali matatu: mdomo unakauka, jino linauma, fizi zinatoka damu? Wekeni kioo cha meno na tochi kwenye meza ya muuguzi. Mtoto anayetimiza miaka mitano aondoke siku hiyo na karatasi ya kwenda kitengo cha kinywa na meno, na kitengo kimpokee siku hiyo hiyo, kabla mama yake hajapanda daladala ya kurudi.